Nani alipanga Ebola iko A na kolera iko B? Na surua iko wapi?

MwalimuKatindo, Goma

Jambo wote. Niko na swali na naomba anijibu mwenye anajua vizuri, mambo ya kubahatisha tuiache. Tangu vita ya mwezi wa kwanza 2025, wakati CICR (Msalaba Mwekundu wa kimataifa) walisema wazi kwamba wako na wasiwasi juu ya labo ya INRB (ile ya taifa ya kuchunguza magonjwa) hapa Goma, juu mule kulikuwa sampo zenye virusi ya Ebola na waliogopa zitoke, hii mambo haijatoka mu kichwa yangu. Sasa juzi tulikuwa tunaongea na walimu wenzangu, mumoja akasema Wamarekani wako na listi ya mikrobi zenye mtu mubaya anaweza kutumia kama silaha, na wamezipanga kwa kategori, A, B na C. Ebola iko A. Kolera iko B.

Hapo njo nilishindwa. Mi nilikuwa mtoto hapa Goma 1994, niliona maiti zimefungwa mu mikeka zimepangwa kando ya barabara kwenda Munigi. Namna gani kitu kilichoua watu vile kinawekwa nyuma? Na surua yenye inabeba watoto wetu, nasikia haiko kwa hiyo listi hata kidogo, malaria nayo haiko.

Kwa hiyo nauliza, nani alikaa akapanga hivyo, walipima na nini, na hiyo A na B njo zone yetu ya sante (ofisi ya afya ya eneo) inafwata wakitaka kuamua ugonjwa gani upewe makuta (pesa) kwanza? Aksanti.

Labo_Himbi, Goma

Jambo Mwalimu. Mwenzako alisema kweli ila kuna kitu alikiacha nje. Hiyo listi haijibu swali la ugonjwa gani unaua watu wengi. Inajibu swali lingine kabisa: kama mtu angeachilia mikrobi fulani kwa makusudi katikati ya raia, ni ipi ingetukuta hatuna kitu mkononi? Ukilishika hilo, mengine yanajipanga yenyewe.

Ilitengenezwa na CDC ya Marekani, ile taasisi ya kuzuia magonjwa iliyo Atlanta. 1999 bunge lao liliwapa makuta ya kujitayarisha, basi mwezi wa sita mwaka huo wakaita kikao, wakakaa madaktari wa magonjwa ya kuambukiza, watu wa afya ya umma, watu wa upelelezi wa kiraia na wa jeshi, na watu wa polisi. Angalia vizuri hao walioitwa, tangu mwanzo haikuwa kikao cha madaktari peke yao. Wakachukua mikrobi moja moja wakaipitisha kwenye vipimo vinne. Cha kwanza, ikishika watu wangapi watagonjwa na wangapi watakufa. Cha pili, inaweza kuenea kwa kiasi gani, na je inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu ao haitoki. Cha tatu ni hofu, na hapa watu wengi wanashangaa, lakini ndiyo, hofu ya raia na vurugu inayotoka ndani ya hofu ni kipimo kabisa kinachowekewa alama. Cha nne ni maandalizi ya pekee, yaani je inadai akiba ya chanjo na dawa iwekwe mapema, labo ya namna yake, ufuatiliaji mwingine, ao vile tuko navyo vinatosha. Kila kipimo wakakiwekea alama, kuanzia ziro mpaka alama tatu za kujumlisha, kisha wakaangalia mikrobi yote kwa jumla.

Walioingia A ni sita tu: ndui, kimeta, tauni, botulismu, tularemia, na zile homa za kutoka damu kama Ebola, Marburg na Lassa. B ina msururu mrefu, brusela, homa ya Q, tifus, mikrobi za chakula kama salmonela na shigela, na mikrobi za maji, ndimo kolera inakaa. C ni mikrobi zinazoibuka, kama Nipah na hanta, zenye leo si tishio kubwa lakini kesho mtu anaweza kuzigeuza.

Chukua ndui uone namna vipimo vinafanya kazi. Ndui haipo tena duniani, mgonjwa wa mwisho wa kawaida alikuwa Somalia 1977, OMS (shirika la afya duniani) ikatangaza 1980 kwamba imekwisha. Kwa nini basi ugonjwa usioua mtu hata mmoja unawekwa juu kabisa? Juu virusi bado vinalindwa mu labo mbili, moja Atlanta na ingine Koltsovo kule Urusi, na vijana wote waliozaliwa baada ya chanjo kusimama hawana kinga hata kidogo, na inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Kimeta yenyewe haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, pale walipata ziro, lakini vipimo vingine viliibeba juu.

Sasa kolera. Mgonjwa wa kolera akipata serumu na maji ya chumvi na sukari kwa haraka, wanaokufa ni chini ya 1%. Inajulikana, inapimika, dawa yake ni rahisi. Kwa jicho la mtu wa Atlanta mwenye robine ya maji nyumbani, hiyo ni B. Wale wa 1994 walikuwa wakimbizi zaidi ya nusu milioni wamekaa juu ya mawe ya volkano, huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kisima, na karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza kwa kolera na kuhara damu. Listi inapima mikrobi, mahali ambapo mikrobi inaangukia haikupimwa.

MamaSifa, enfirmie, Majengo

Mwalimu jambo, na wewe Labo mutoto wangu aksanti umefafanua vizuri, mi naongeza upande wa sentre ya afya juu huko njo nimezeekea.

Zone ya sante haifwatake hiyo A B C, Mwalimu usiwe na wasiwasi kwa hilo, hata enfirmie wengi hawajawahi kuisikia. Sisi tuko na listi yetu ya magonjwa ya kutangaza, kolera iko, surua iko, Ebola, tauni, homa ya manjano, menenjiti, mpox, mtoto aliyelegea miguu ghafla juu tunawaza polio. Zingine unatuma hesabu kila wiki, zingine ukishuku tu hata kabla labo haijajibu unapiga simu siku ileile kwa buro ya zone. Inchi nayo inapeleka OMS kufwatana na sheria za afya za kimataifa za 2005, na kule wako na maswali yao ine: je, ni jambo zito kwa afya ya watu, je, ni la ajabu ao halikutazamiwa, je, linaweza kuvuka mupaka, je, linaweza kufanya inchi zifunge safari na biashara. Ikijibiwa ndiyo kwa mawili, unatangaza, na hakuna kungoja wiki iishe, ni ndani ya saa 24. Kuko magonjwa ine tu yenye hayaulizwi swali, hata mugonjwa mumoja unatangaza: ndui, polio ya pori, mafua ya aina mupya kwa mtu, na SRAS (ile homa kali ya mapafu). Mi naona hayo maswali yanatufaa sisi zaidi, juu hayaulizi kama kuko mutu amefanya makusudi, yanauliza tu moto iko wapi na inaenda wapi.

Lakini sikubali vile tunaipitisha kolera haraka. Nendeni kwa ziwa asubuhi pale watu wanachota, mutaona kijana amesimama na ndoo ya klorini na sirinji, kila bidon ya litre 20 inapita mbele yake, anavuta dawa kipimo chake, anaiachilia ndani, mama anafunga bidon anaitikisa, na anamwambia mama angoja nusu saa mbele ya kunywa. Huyo kijana njo ulinzi wetu. Siku mushahara wake unachelewa anaacha kuja, na sisi mu sentre tunajua bila kuambiwa juu vitanda vinajaa. Makuta ya dunia yanafwata hofu, na watu wakubwa wa mbali hawaogope bidon.

Na surua ni vilevile. 2019 sisi wote tulikuwa tunatazama Ebola, kila mulango ndoo ya kunawa na mutu wa kupima joto, na mwaka huohuo surua ilikuwa inamaliza watoto inchi nzima, mpaka mwanzo wa 2020 ilikuwa imeua zaidi ya 6,000, wengi chini ya miaka tano. Ebola yote ya hapa Kivu na Ituri tangu 2018 mpaka inaisha mwezi wa sita 2020 iliua watu 2,287. Sisemi Ebola haikustahili. Nasema ule mutoto wa surua hakuona thermoflash yoyote.

KadutuMoja, Bukavu

Mama Sifa umesema vyenye biko mu roho yangu. Hii listi ni ya bale banaogopa kufa na kitu cha kwetu, basi. Sisi tunakufa na mambo ya kila siku, beye banahesabia ile yenye inaweza kupanda ndege. Na tena muniambie, kama Ebola iko mu listi ya silaha, batu ba Beni na Butembo benye balisema ile maladi ililetwa, balikosea wapi? Mi nilisoma hata mambo ya ile dini ya Japani, Aum Shinrikyo, bale ba gesi ya sarin mu metro ya Tokyo 1995, ripoti ya Seneti ya Marekani mwaka huo ilisema 1992 mukubwa wao alikuya hapa Zaire na batu bake, banasema banakuya kusaidia bagonjwa, kumbe banatafuta Ebola. Ni hapa kwetu, siyo hadisi.

Labo_Himbi, Goma

Ndugu wa Kadutu, ya Aum ni kweli iliandikwa hivyo, na hakuna alama yoyote kwamba waliipata, mwaka ule hapakuwa hata na mlipuko wa Ebola Zaire. Lakini ndiyo, mambo ya namna hiyo njo yalifanya watu wa usalama wakae kwenye kile kikao cha 1999.

Ya Beni naomba tuiongee polepole juu imegharimu watu. Wenzetu wa riposti (timu za kupambana na Ebola) walipigwa mawe, wengine waliuawa, vituo vya matibabu vilichomwa, na kila siku timu iliposimama ugonjwa uliendelea kutembea. Kuwa kwenye kategori A hakumaanishi mlipuko fulani ulifanywa na mtu. Ebola iliandikwa mara ya kwanza Yambuku 1976, ikarudi Kikwit 1995, yote miaka kabla ya hiyo listi kuwepo. Ile ya 2018 labo zilisoma jenomu ya virusi na mlolongo ukaonekana, iliingia kutoka kwa nyama wa pori kisha ikatembea kwa mtu hadi mtu, kwenye mazishi, mu sentre, kwa pikipiki. Sasa kwa nini watu waliamini ililetwa? Si kwamba ni wajinga. Walikuwa wanauawa miaka mingi na hakuna aliyekuja, halafu ugonjwa mmoja ukaleta magari meupe mamia, na mwezi wa kumi na mbili 2018 uchaguzi ukasimamishwa Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Mi ningekuwa Butembo ningeuliza pia.

Na hapo uone kile kipimo cha tatu kwa macho. Mwezi wa saba 2019 mgonjwa wa kwanza alifika hapa Goma kutoka Butembo, siku tatu baadaye OMS ikatangaza dharura ya dunia nzima, na tarehe moja ya mwezi wa nane Rwanda ikafunga mpaka kwa masaa. Wagonjwa wa Goma walikuwa wachache, wanahesabika kwa vidole. Lakini mtu yeyote aliyekuwa pale mpakani Petite Barrière siku ile, na mama wa Birere wenye mboga zinaoza kichwani, anajua hofu inaweza kufunga mji bila virusi kufika. Kwa hiyo kuiweka hofu kama kipimo mi naona ni haki. Kosa ni kuipima hofu ya Washington na kuacha ya Birere.

MwalimuKatindo, Goma

Aksanti sana wote, nimejifunza mingi. Lakini Labo, nisaidie tena, kama listi ni ya kwao na hofu ni yao, sisi inatufaa nini? Tuiache tu?

IbandaSante, Bukavu

Naomba nijibu hapo, yaya Mwalimu, juu mi nafanya kazi ya chanjo huku Kivu ya Kusini na hii mambo inaniuma.

Inatufaa, na hapohapo inatuonyesha namna tunakaa nyuma ya mstari. Chanjo ya mpox, ile MVA-BN, haikutengenezwa juu ya mpox ya Kongo. Ilitengenezwa juu ya hofu ya ndui, kategori A namba moja, Marekani walilipa wakajaza akiba wakiogopa siku moja mtu atairudisha ndui. 2019 wakaikubali rasmi kwa ndui na kwa mpox pamoja, juu hizo virusi mbili ni ndugu. Mpox yenyewe iligunduliwa kwa mtu 1970, mtoto wa Basankusu, hapa kwetu Equateur, tangu siku hiyo inatembea mu vijiji vyetu na hakuna kikao. 2022 ikafika Ulaya na Marekani, ndani ya miezi watu wao wakawa wanachanjwa. Sisi huku 2023 ilianza kupanda Kamituga, kule kwa machimbo ya dhahabu, aina mupya kabisa, ile clade Ib, wagonjwa wanalala wawili kwa kitanda, na dozi za kwanza zikashuka Kinshasa tarehe 5 mwezi wa kenda 2024. Goma walianza kuchanja mwezi uliofwata. Miaka mbili nzima chanjo iko mu frigo za watu.

Kwa hiyo sisemi tuiache listi. Bila hiyo listi ile chanjo pengine haingekuwepo hata leo. Nasema viongozi wetu wa afya wajue kuisoma: ugonjwa wetu wowote wenye ndugu yake yuko A, ujue kuko mahali fulani duniani chanjo ao dawa yake imelala mu akiba, na inabidi kuanza kuiomba siku ya kwanza, si siku ya mia.

Na nisisahau upande mwingine. Dawa ya Ebola yenye waliita mAb114 ilitoka mu damu ya mtu aliyepona Kikwit 1995, na Profesa Muyembe wetu, yule mtaalamu wa virusi, alikuwa mule tangu mwanzo, wakaijaribia hapahapa Beni na Butembo na Mangina, ikafanya kazi. Mikrobi yetu, damu yetu, wagonjwa wetu. Heshima hiyo iandikwe.

VetoKatuba, Lubumbashi

Mi ni wa mambo ya banyama huku Lubumbashi, ruhusa niingie juu nyote muko munaongea batu na mikrobi nyingi za hii listi zinaanzia kwa nyama. Kimeta, brusela, tularemia, homa ya Q, tauni kwa panya na viroboto vyake. Tauni njo tuseme wazi, kwa batu ba Atlanta ni silaha, kwa bakulima ba Ituri, kule Rethy na Aru, ni ugonjwa wa nyumbani, unajulikana, na antibiotiki ikipewa mapema mutu anapona.

Kimeta mumeiona 2025, mwezi wa ine, viboko zaidi ya makumi tano balikufa mu parke ya Virunga, mto Ishasha na ziwa Edouard, banaelea juu ya maji miguu iko juu, labo ikasema kimeta. Hakuna mutu aliitupa mule. Ile mikrobi inajikunja mu udongo inakaa miaka na miaka, maji ikipungua nyama anakula majani ya chini anaipata. Sasa shida yetu ni njaa. Mutu anaona kiboko ao ngombe amekufa pekee, ananoa kisu. Ngombe mwenye alikuwa muzima jana na leo amekufa ghafla, damu nyeusi inatoka puani na haigandi, usimufungue, usimuvute, usimukule hata ukipika masaa. Unapomufungua njo mikrobi inapata hewa inajigeuza mbegu yake ngumu. Bamuite veterineri, azikwe chini sana na chokaa juu.

Na kwa Mwalimu mwenye aliuliza inatufaa nini: 2001 kule Marekani mutu alituma kimeta mu barua, 22 bakagonjwa, 5 bakafa. Bale bote ba upelelezi na kategori zao, wa kwanza kuiona alikuwa daktari wa ospitali moja ya Florida, aliangalia maji ya uti wa mgongo ya mugonjwa wake mu mikroskopu, akaona fimbo ndefu zenye hazistahili kuwa mule, akakataa kusema ni menenjiti ya kawaida, akapiga simu. Mikroskopu na mutu mwenye anajua kutazama. Hiyo hata Katuba tunaweza kuwa nayo, shida ni kumulipa mwenye anatazama.

Labo_Himbi, Goma

Veto umenena. Na niongeze moja ya kategori B ili msidhani B ni mchezo. 1984, mji mdogo unaitwa The Dalles, jimbo la Oregon, kundi moja la dini liliweka salmonela kwenye saladi za restora, walitaka wapigakura wagonjwe siku ya uchaguzi wa kule. Watu 751 walihara na kutapika, hakufa mtu. Wapelelezi wa afya walifika, wakahesabu, wakaandika kwamba pengine ni wapishi hawakunawa mikono. Ukweli ulijulikana mwaka uliofuata, na si kwa sababu ya labo kwanza, ni kundi lenyewe liligombana ndani yake wakaanza kusemana.

Kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba ugonjwa wa makusudi utakuja na alama kwenye paji la uso. Unakuja kama tumbo la kawaida kwa watu wengi wasio wa nyumba moja. Anayeugundua ni yuleyule anayehesabu kolera kila wiki. Ndiyo maana mi kila siku nasema kulipa mtu wa surveyansi wa Majengo ni usalama wa taifa, na ningependa hayo yasemwe hata pale wanapopanga bajeti.

KadutuMoja, Bukavu

Labo hapo ya kuhesabu nakubali. Ya kusema hofu yao ni haki, bado sikubali. Surua ikiua 6,000 na haiko mu listi yoyote ya makuta kubwa, kuko kitu hakiko sawa, hata mukifafanua namna gani. Lakini aksanti kwa heshima mumenijibu nayo, watu wengine huwa banatukana.

MwalimuKatindo, Goma

Mama Sifa, swali la mwisho. Niko na darasa la watoto wengi, wanakunywa maji ya pipa moja, wanakula mandazi ya mama mumoja pale mlangoni. Siku moja nikiona watoto watano sita wanatapika saa ileile, nifanye nini kabla ya kumwaga kila kitu na kuwarudisha nyumbani?

MamaSifa, enfirmie, Majengo

Usimwage, Mwalimu, hilo njo la kwanza. Maji ya pipa yabaki, funika, weka mutu wa kukataza watoto, na mandazi yaliyobaki weka kando mu sashe, juu ukisafisha umeondoa kila kitu labo ingetafuta. Mwenye anahara usimungojeshe, anza kumupa maji ya chumvi na sukari palepale, litre moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kunywa kidogo kidogo hata kama anatapika.

Kisha shika karatasi. Andika jina la mutoto, miaka, anakaa avenue gani, saa alianza, anatapika ao anahara ao vyote viwili, kuhara ni kama maji ya mchele ao kuko damu, alikula nini na alikunywa wapi tangu jana. Andika hata bale hawajagonjwa, kama balikula mandazi ao hawakukula, juu hao njo wanatuonyesha kitu gani kilibeba ugonjwa. Piga simu kwa enfirmie titulaire (mukubwa wa sentre) wa eneo lako, si kesho, saa ileile, ao mutume reko (mujumbe wa afya) wa avenue akimbie kwa sentre. Wazazi uwaambie ukweli kwamba hujajua ni nini na sentre inakuja, usitaje jina la ugonjwa wowote mbele ya labo kujibu. Yule mama wa mandazi umulinde, umukalishe ndani, juu watu wakianza kupiga makelele watamuanzia yeye na kesho hakuna mutu atakubali kuonyesha kitu alichouza.

Na watoto wanawe mikono na sabuni kabla ya kutoka. Namba ya titulaire wako iulize leo, iandike nyuma ya mulango wa darasa.